Je, Wajua? Namba Unayoishika kwa Sekunde Mbili

Je, wajua kwamba tokeni ya umeme ina tarakimu 20, na karibu hakuna anayeweza kuzishika zote kwa kuzisikia mara moja? Simama karibu na mita ya LUKU jioni umeme ulipoisha. Mmoja ana simu mkononi, mwingine amenyoosha mkono kwenye vitufe. "Moja saba sifuri tatu." Kimya, vidole vinabonyeza. "Endelea." "Tisa nane nne moja." Hakuna aliyewafundisha kukata nne nne, lakini akithubutu msomaji kumwaga nane kwa mkupuo, swali linakuja hapo hapo: "Baada ya tisa ulisemaje?" Kinachofanya kazi katika kichwa cha yule anayebonyeza ndicho wanasaikolojia wanachokiita kumbukumbu tendaji, yaani uwezo wa kushika jambo kwa sekunde chache huku ukilifanyia kazi.

Je, wajua kwamba kushika na kuchezesha ni mambo mawili? Mama wa gengeni amekuuzia mafungu matatu ya nyanya, kila fungu 1,500. Umeongeza kitunguu cha 2,800 na umempa noti ya elfu kumi. Kabla hujafunga pochi ameshakurudishia 2,700. Kichwani mwake 1,500 imezidishwa kwa tatu, 4,500 imewekwa pembeni ikisubiri, 2,800 imeongezwa juu yake, zile namba za mwanzo zimetupwa, kisha 7,300 imetolewa kwenye elfu kumi. Wakati huohuo alikuwa anakuuliza habari za watoto. Hesabu yenyewe ni ya darasa la tatu. Kazi kubwa ni kuzishika 4,500 zisipotee wakati macho na mdomo viko kwingine.

Je, wajua kwamba mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika makala iliyoifanya namba saba kuwa maarufu? Alisema mtu mzima hushika vitu takriban saba, ukiongeza viwili au ukipunguza viwili. Mwaka 2001 Nelson Cowan aliupitia ushahidi upya na kuonyesha kwamba ukimzuia mtu asirudierudie moyoni wala asiunganishe vitu kwa mafungu, kinachobaki ni karibu vinne tu. Wengi bado wanaitaja saba. Nne ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli wa kila siku.

Je, wajua kwamba bila kurudiarudia, herufi tatu tu hupotea ndani ya sekunde 18? Lloyd na Margaret Peterson walilionyesha hilo mwaka 1959. Waliwapa watu herufi tatu, kisha wakawaamuru wahesabu kwa sauti kurudi nyuma kwa tatu tatu. Hesabu ile ilizuia urudiaji wa moyoni, na muda huo ulipofika ni wachache mno waliozikumbuka.

Je, wajua kwamba kumbukumbu hii ina pande mbili? Mwaka 1974 Waingereza Alan Baddeley na Graham Hitch walipendekeza kwamba kuna sehemu inayoshughulikia maneno na sauti, kuna sehemu nyingine inayoshughulikia picha na mahali vitu vilipo, na juu yao kuna msimamizi anayegawa umakini. Ya kwanza tuiite kitanzi cha sauti, kwa kuwa maneno huzunguka humo yakijirudia. Ya pili tuiite ubao wa picha. Mwaka 2000 Baddeley aliongeza sehemu ya nne, ambamo sauti, picha na yale unayoyajua tangu zamani huunganishwa kuwa tukio moja. Wengine wamekuja na maelezo tofauti tangu hapo, lakini ule mgawanyo wa sauti na picha umethibitika katika maabara mara nyingi, na ndio unaoeleza mambo mengi yanayotushangaza nyumbani na barabarani.

Je, wajua kwamba hata unaposoma kimya, kichwa kinasikia? Reuben Conrad, aliyekuwa Cambridge akifanya utafiti kwa ajili ya Posta ya Uingereza kuhusu namba za simu na misimbo ya barua, aliwaonyesha watu herufi kwa macho tu. Walipokosea, hawakuchanganya herufi zinazofanana kwa umbo. Walichanganya zinazofanana kwa sauti katika Kiingereza, kama B na V. Macho yalizipokea herufi, lakini kichwa kiliziweka kama sauti. Hiyo ilikuwa mwaka 1964.

Jaribu mwenyewe. Mwambie mtu akusomee mara moja: paka, kaka, taka, saka, shaka. Rudia kwa mpangilio uleule. Kisha akusomee: ndoo, kuku, mti, soko, jembe. Baddeley alifanya jaribio la namna hii mwaka 1966 kwa maneno ya Kiingereza. Orodha za maneno yanayofanana kwa sauti zilirudiwa sawasawa karibu mara 10 katika 100, na za maneno yasiyofanana karibu mara 80. Maneno yaliyofanana kwa maana, ya jamii ya "kubwa, pana, refu", hayakuleta taabu kubwa hivyo. Kwa sekunde chache hizi, kichwa kinajali sauti ya neno kuliko maana yake.

Je, wajua kwamba urefu wa maneno nao unakula nafasi? Shika: meza, chai, ndizi, moto, paka. Sasa shika: mfanyabiashara, halmashauri, maandamano, mwanadiplomasia, mwanasheria. Maneno ni matano kila upande, lakini orodha ya pili inapokaribia mwisho ile ya kwanza imeanza kufifia. Mwaka 1975 Baddeley na wenzake wawili waliona kwamba mtu hukumbuka takriban maneno anayoweza kuyatamka ndani ya sekunde mbili. Anayetamka upesi hushika mengi zaidi. Wataalamu bado wanabishana kama sababu ni muda peke yake au pia umbo la maneno marefu. Tofauti yenyewe haina ubishi.

Je, wajua kwamba kwa sababu hiyo lugha yako inaweza kukupunguzia au kukuongezea tarakimu unazoshika? Huko Wales, watoto waliopimwa kumbukumbu ya tarakimu kwa Kiwelishi walionekana kuwa nyuma ya watoto waliopimwa kwa Kiingereza. Mwaka 1980 Nick Ellis na R. A. Hennelly waliwachukua watu wanaojua lugha zote mbili wakapima. Namba za Kiwelishi huchukua muda mrefu zaidi kuzitamka, na watu haohao walishika tarakimu chache zaidi wakitumia Kiwelishi kuliko Kiingereza, ingawa wengi wao walikiona Kiwelishi ndiyo lugha waliyoizoea zaidi. Walipozuiwa kurudiarudia moyoni, tofauti ilitoweka. Wasemaji wa Kichina, ambao tarakimu zao ni fupi, hushika nyingi.

Hili linanigusa, kwa sababu kipimo cha kurudia tarakimu kimo ndani ya vipimo vingi vya akili vinavyotumika duniani. Tarakimu za Kiswahili karibu zote zina silabi mbili, na sifuri ina tatu. Za Kiingereza karibu zote zina moja. Mtoto anayepimwa kwa Kiswahili akilinganishwa na jedwali lililotengenezwa kwa watoto wa London, atakuwa ameonewa kabla hajafungua mdomo. Yeyote anayepima watoto wetu analazimika kulijua hilo.

Je, wajua kwamba unaweza kukizima kitanzi cha sauti kwa neno moja? Sema "ndiyo, ndiyo, ndiyo" bila kukoma huku ukisoma namba ya simu usiyoijua, kisha ufumbe macho uitaje. Ulimi ukishashikwa na "ndiyo", namba haina pa kuzungukia.

Je, wajua kwamba maneno ya mtu mwingine huingia humo bila hodi, hata kama huyaelewi? Mwaka 1976 Herbert Colle na Alan Welsh waliwapa wanafunzi wa Marekani herufi za kukumbuka huku sauti ikisoma Kijerumani, lugha wasiyoijua. Walikosea zaidi kuliko kulipokuwa kimya. Kelele za mfululizo zisizo na maneno, kama za feni, hazina athari hiyo. Muziki wa kuimba husumbua kuliko wa ala tupu. Kwa hiyo mwanafunzi anayesema anasoma huku televisheni inazungumza pembeni, na anaapa kwamba haisikilizi, anasema kweli, na bado inamgharimu.

Je, wajua kwamba kitanzi hiki hakihitaji masikio? Watafiti Margaret Wilson na Karen Emmorey waliwapima viziwi wanaotumia lugha ya alama ya Marekani. Alama zenye umbo la mkono linalofanana zilichanganyika kama maneno yanayofanana kwa sauti. Alama zenye mwendo mrefu zilikumbukwa kwa shida kama maneno marefu. Na walipoipa mikono yao kazi nyingine, urudiaji ulikatika. Viziwi wanarudia moyoni kwa mikono.

Je, wajua kwamba Baddeley aliugundua kwa hatari upande wa pili, ule wa picha, akiwa nyuma ya usukani? Alikuwa Marekani, barabara kuu, redio inatangaza mechi ya mpira wa Kimarekani. Akaanza kuuona uwanja kichwani, wachezaji wanakwenda wapi, mpira uko kwa nani. Gari likaanza kuyumba. Akabadili akaweka muziki, gari likanyooka. Baadaye alilipeleka jambo hilo maabara. Watu walifuatilia kwa mkono taa inayozunguka huku wakipanga namba katika vyumba vya mraba walioufikiria kichwani, na kazi hizo mbili ziliharibiana. Kazi ya maneno matupu haikuharibu hivyo.

Dereva wa daladala au matatu akisikiliza mtangazaji hodari anayekuchorea kila pasi ya Simba na Yanga au ya Gor Mahia na AFC Leopards, macho yake yako barabarani lakini ubao wake wa picha umegawanywa. Kuwa na mikono miwili kwenye usukani hakutoshi.

Je, wajua kwamba kujibu kwa mdomo kunaweza kuwa rahisi au kugumu kutegemea kilichomo kichwani? Mwaka 1968 Lee Brooks wa Kanada aliwaambia watu waifikirie herufi F kubwa yenye kingo, wapite pembe moja baada ya nyingine wakijibu kama iko juu kabisa au chini kabisa, ama sivyo. Waliojibu kwa kusema ndiyo au hapana walikwenda haraka. Waliojibu kwa kuonyesha kidole kwenye karatasi walichelewa mno, kwa kuwa kidole na F viligombania picha. Alipowapa sentensi ya kuchambua neno kwa neno badala ya herufi, mambo yaligeuka: kusema kukawa ndiko kunakochelewesha, kidole kikawa chepesi.

Je, wajua kwamba picha kichwani huzunguka kwa mwendo unaopimika? Roger Shepard na Jacqueline Metzler waliwaonyesha watu michoro miwili ya maumbo ya vijisanduku wakauliza kama ni umbo lilelile limegeuzwa. Kadiri lilivyogeuzwa zaidi, ndivyo jibu lilivyochelewa, kwa mstari ulionyooka. Kasi ilikuwa karibu nyuzi 60 kwa sekunde. Hiyo ni 1971. Fundi cherehani anayekata kitambaa kwa upande wa ndani huku akiona gauni lilivyo likigeuzwa nje anafanya kazi hiyohiyo mchana kutwa.

Je, wajua kwamba ubao wa picha nao una mipaka karibu ileile? Steven Luck na Edward Vogel walionyesha vijimraba vya rangi kwa kufumba na kufumbua, vikatoweka, vikarudi, pengine kimoja kimebadilika rangi. Hadi vitatu au vinne watu walijibu vizuri. Zaidi ya hapo, makosa yaliongezeka. Hiyo ilikuwa 1997.

Je, wajua kwamba sokwe amewahi kuwashinda wanafunzi wa chuo kikuu? Ayumu, sokwe wa Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani, aliona tarakimu kwenye skrini kwa milisekunde 210, zikafunikwa, naye akazigusa mahali pake kwa mpangilio wa namba kwa usahihi uliowazidi wanadamu. Tetsuro Matsuzawa na Sana Inoue walichapisha hilo mwaka 2007. Haki itendeke: Ayumu alikuwa na mazoezi mengi, na baadaye ikaonekana kwamba watu wakifanya mazoezi ya kutosha nao hufika.

Je, wajua kwamba bao la Kiswahili limefanyiwa utafiti wa namna hii? Mholanzi Alexander de Voogt aliwafuata mafundi wa bao wa Zanzibar, na tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Leiden ya mwaka 1995 ilihusu mipaka ya akili katika mchezo huo. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Katika sataranji hoja moja kwa kawaida huhamisha kipande kimoja. Katika bao, mkono mmoja unaweza kula, kuzunguka, kula tena, na kubadili idadi ya kete katika mashimo mengi kabla haujalala. Fundi analitazama bao lililo mbele yake, lakini bao analolihitaji ni lile litakalokuwepo baada ya mzunguko wa tatu, na hilo liko kichwani tu. Anapaswa kufuta idadi ya zamani katika kila shimo na kuweka mpya bila kugusa kete hata moja. Sijui kipimo cha maabara kinachoidai kumbukumbu tendaji kuliko hapo barazani.

Je, wajua kwamba mtu mmoja alifikisha tarakimu 79? Anajulikana kwa herufi S.F., mwanafunzi wa Pittsburgh. Alianza na saba kama mimi na wewe. Kwa zaidi ya saa 230 za mazoezi alisomewa tarakimu moja kila sekunde. Alikuwa mkimbiaji, na 3492 kwake ilikuwa dakika 3 na sekunde 49.2, muda wa mbio za maili. Alihifadhi nyakati za mbio, siyo tarakimu. Walipombadilishia wakampa herufi, alirudi kwenye sita hivi. Nafasi haikupanuka. Alichofanya ni kuufunga mzigo upya kwa kutumia yale aliyoyajua tangu zamani.

Kwa hiyo unapouziwa programu ya simu inayoahidi kukuza akili ya mtoto kwa michezo ya kumbukumbu, shika pesa zako. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na Monica Melby-Lervåg na Charles Hulme mwaka 2013 yalionyesha kwamba mtoto huwa hodari katika michezo inayofanana na ile aliyoifanyia mazoezi, lakini manufaa hayahamii kwenye kusoma wala hesabu.

Je, wajua kwamba mnamo 1971 seli za ubongo zilinaswa zikifanya kazi ya kushika? Joaquín Fuster na Garrett Alexander walimwonyesha nyani chakula, wakakificha, wakamsubirisha. Seli za sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ziliendelea kutoa mipigo katika kipindi chote cha kusubiri, chakula kikiwa hakionekani.

Je, wajua kwamba kuna mtu aliyeweza kushika namba lakini hakuweza kukumbuka alichokula asubuhi, na kuna mwingine aliye kinyume chake? Wa kwanza ni Henry Molaison wa Marekani. Mwaka 1953 alifanyiwa upasuaji wa ubongo ili kutuliza kifafa, na tangu hapo hadi kufa kwake mwaka 2008 hakuhifadhi tena kumbukumbu mpya za maisha yake. Lakini ukimtajia tarakimu chache alizirudia vizuri, mradi asisumbuliwe.

Wa pili ni mwanamke wa Italia aliyepatwa na kiharusi, anayetajwa katika maandiko kwa herufi P.V. Alizungumza vizuri, alikumbuka maisha yake, lakini akisikia tarakimu alishika karibu mbili tu. Kitanzi chake cha sauti kilikuwa kimevunjika. Mwaka 1988 Baddeley, Costanza Papagno na Giuseppe Vallar waliandika kilichotokea walipomfundisha. Wakimpa jozi za maneno ya Kiitaliano anayoyajua, alijifunza kama mtu yeyote. Wakimpa maneno ya Kirusi, aliyokuwa hayajui, hakujifunza hata moja kwa kuyasikia. Neno geni halina pa kushikamana. Linapaswa kuzunguka katika sauti kwanza, mara nyingi, hadi lipate makao, na yeye hakuwa na mahali pa kulizungushia.

Kisa cha P.V. ndicho ninachokirudia nikizungumza na walimu, kwa sababu kazi ya kitanzi ni kubwa kuliko kushika namba za simu. Ndicho mlango wa maneno mapya. Susan Gathercole na Baddeley waliwapima watoto wa Uingereza wenye umri wa miaka minne na mitano kwa kuwataka warudie maneno ya kubuni yasiyo na maana. Waliorudia vizuri walikuwa pia na msamiati mpana. Sasa mtazame mtoto wa Tanzania aliyemaliza darasa la saba kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza, na biolojia inakuja kwa Kiingereza. Kila istilahi ni neno geni kwake, refu, na anatakiwa alishike, alitafsiri, aelewe mchakato wenyewe na anakili kutoka ubaoni, vyote kwa pamoja, kwa nafasi ya vitu vinne. Mtoto huyu akikaa kimya mwalimu akiuliza, tusimwite mzito.

Je, wajua kwamba nafasi ya mtoto ni ndogo kuliko yako kwa mbali? Mtoto wa miaka minne hushika tarakimu mbili au tatu akiwa huru kabisa. Kumbukumbu tendaji huendelea kukua hadi ujanani. Wengi walio chini ya miaka saba hawana hata mazoea ya kurudiarudia moyoni. John Flavell na wenzake waliligundua hilo mwaka 1966 kwa kutazama midomo ya watoto waliokuwa wakisubiri kuonyesha picha walizopaswa kuzikumbuka. Ya wadogo ilitulia. Ya wakubwa ilicheza.

Na je, wajua kwamba katika tafiti za Gathercole na wenzake, watoto wenye kumbukumbu tendaji finyu mara nyingi walielezwa na walimu wao kuwa hawasikilizi? Walikuwa wakisikiliza. "Fungeni vitabu vya hesabu, toeni madaftari ya Kiswahili, andikeni tarehe ya leo, halafu fungueni ukurasa wa 42 mfanye swali la tatu." Hayo ni maagizo matano kwa pumzi moja. Mtoto anafunga kitabu, anatoa daftari, anabaki akitazama madaftari ya wenzake. Anachokitafuta huko ni agizo la tatu, lililokwisha kumtoka.

Mwalimu, toa agizo moja, lifanyike, ndipo utoe la pili. Yale marefu yaandike ubaoni, uchore na picha pembeni, na usiyafute hadi mtoto wa mwisho aweke kalamu chini. Mzazi unayemtuma mtoto dukani vitu vinne, mpe karatasi.